Safari fupi ya kwanza ya India na watoto: mtaka yote hukosa yote

  Leo tuzungumze juu ya safari, lakini si ile ya kwenda nyumbani tuliyoizoea. Tuzungumze juu ya safari ya India.

Siku hizi familia zetu nyingi zinakwenda huko. Wengine wamealikwa harusi na majirani au wafanyakazi wenzao. Wengine wamekua na filamu za Kihindi na wanataka watoto wao waione Taj Mahal kwa macho. Mara nyingi habari ni ile ile: likizo ni siku 10, nchi ni kubwa mno, ni mara ya kwanza, na watoto wamo.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea Tanzania, nikafanya kazi wodi ya watoto, kisha nikaja Uingereza nikasoma tena. Ungedhani mimi ndiye mtu wa mwisho kukosea. Nilikosea, na nitawaeleza ili ninyi msikosee.

Mwaka 2015 mimi na mume wangu tuliwapeleka India watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Kwa siku 10 nilipanga Delhi, Agra, Jaipur, Mumbai na Kochi. Nilijisemea: tumelipa nauli, tuone kila kitu. Usiku wa siku ya tano, ndani ya treni ya kutoka Jaipur kwenda Mumbai, yule mdogo akaanza kuhara na kutapika. Pakiti za ORS nilikuwa nimezinunua, tena nyingi. Lakini zilikuwa ndani ya sanduku kubwa tuliloliacha hotelini Delhi ili tusafiri wepesi! Kulipokucha macho ya mtoto yalikuwa yamebonyea, analia bila machozi, na tangu jioni hajakojoa. Mama mmoja wa kitanda cha pili, ambaye hatukujuana hata lugha, alifungua mkoba wake akatoa pakiti ya ORS. Tukamnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja mpaka Mumbai. Akalazwa hospitali usiku mmoja, akapona. Kochi hatukufika, na wala sikuijutia.

Tangu siku hiyo kila mzazi anayeniuliza kuhusu India humwambia jambo moja kwanza: chagua pembe moja ya nchi, uziache nyingine. Hayo mengine yote ya afya yanakuwa rahisi ukishafanya hivyo.

KWA NINI PEMBE MOJA?

India ina eneo la kilomita za mraba kama milioni 3.3, yaani zaidi ya mara tatu ya Tanzania nzima. Kutoka Delhi hadi Mumbai kwa barabara ni kilomita kama 1,400. Kutoka Delhi hadi Kochi, kule kusini, ni zaidi ya 2,500. Kwenye ramani ya simu unaona vidole viwili tu, kumbe ni siku nzima ya maisha yako.

Tena kila unapohama mji, mwili wa mtoto unalipa. Anaamshwa alfajiri, anakunywa maji kidogo ili asisumbue njiani, anakula kinachopatikana stesheni, analala amekaa. Fanya hivyo mara tano kwa siku 10 na hata mtoto mwenye afya njema atachoka. Aliyechoka na mwenye kiu ndiye ugonjwa mdogo unayemwangusha kwa haraka.

Kanuni yangu ni hii. Kwa siku 10 usilale katika miji zaidi ya mitatu. Katika kila siku tatu, moja iwe tupu: haina tiketi, haina gari la kuwahi. Siku ya kwanza ya kufika isihesabiwe. Ukitoka Uingereza saa za India ziko mbele kwa saa 5 na nusu wakati wa baridi, na watoto wataamka usiku wa manane wakidai chakula. Waacheni walale mchana kidogo, watoke nje wapate mwanga wa jua, basi.

PEMBE IPI? MSIMU NDIO UNAOCHAGUA

Wengi wetu tunafungwa na likizo za shule. Kwa hiyo usianze na mji, anza na mwezi.

Februari hadi katikati ya Machi: Hapa ndipo Delhi, Agra na Jaipur zinapopendeza, joto halijaanza na ukungu umepungua. Delhi hadi Agra ni kilomita kama 230, Agra hadi Jaipur kama 240, na kurudi Delhi kama 280. Ni pembe tatu ndogo, inatosha kabisa kwa siku 10.

Desemba na Januari: Delhi huwa na ukungu mzito na moshi mbaya, na moshi huo huanza tangu mwisho wa Oktoba. Ndege na treni huchelewa, na mwenye pumu huteseka. Wakati huo kusini kwa Kerala hali ni nzuri. Kochi ina bahari, minazi na samaki, mtoto wa pwani hatajiona mgeni. Kutoka hapo nenda Alappuzha kwenye mifereji na maboti, au panda Munnar kwenye mashamba ya chai.

Gujarat nayo hufaa miezi ya baridi. Huko ndiko walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki. Katika mji wa Mandvi, eneo la Kutch, mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao, na majahazi ya pwani hiyo ndiyo yaliyokuwa yakivuka bahari kuja Unguja na Mombasa.

Aprili hadi Juni: Joto la kaskazini hupita nyuzi 40. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito sishauri. Pasaka ikiangukia mwishoni mwa Machi bado inawezekana, mkitoka asubuhi mapema na kujificha ndani saa za mchana.

Juni hadi Septemba: Mvua za masika yao. Mafuriko, mbu, na maji machafu kuchanganyika na safi. Kama huna likizo nyingine, mkao uwe wa mji mmoja au miwili tu. Wengine hushauriwa wakimbilie Ladakh, ambako mvua ni chache. Lakini mji wa Leh uko juu mita kama 3,500, mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hewa nyepesi, na likizo fupi haina siku hizo. Mwenye selimundu asiende huko kabisa bila kuzungumza na daktari wake wa damu.

MIEZI MIWILI KABLA: CHANJO

Mwone muuguzi wa chanjo za safari wiki 6 hadi 8 kabla ya kuondoka. Wengi wetu tunafika zikiwa zimebaki siku 5. Hata hivyo njoo, kuchelewa ni bora kuliko kukosa, lakini kuna chanjo ambazo hazitawahi.

Nenda na kadi za chanjo za watoto, na ramani ya safari yako: miji, tarehe, mtalala hoteli au kijijini. Muuguzi hawezi kukushauri vizuri ukimwambia "India" peke yake.

Zinazozungumzwa zaidi ni hizi:

- Chanjo za kawaida za utotoni, hasa surua, polio, pepopunda na dondakoo. Hakikisha zimekamilika, za watoto na zako wewe pia.
- Homa ya ini A. Huambukizwa kwa chakula na maji.
- Homa ya matumbo, yaani taifodi. Sindano ya kawaida hapa Uingereza huanza miaka 2, kwa hiyo mtoto mdogo zaidi analindwa na usafi wa mikono yako.
- Kichaa cha mbwa. Ni sindano tatu zinazochukua wiki tatu au nne, ndiyo maana nasema wahi. Hii inazungumzwa kwa kila mtu kadiri ya safari yake.

Hapa Uingereza homa ya ini A, taifodi na ile ya pepopunda, dondakoo na polio kwa kawaida hutolewa bure na NHS kwa GP wako au zahanati anayokuelekeza. Kichaa cha mbwa na homa ya manjano kwa kawaida unalipia. Marekani na nchi za Ghuba taratibu ni tofauti, uliza bei na bima yako mapema.

MTEGO WA HOMA YA MANJANO

Hapa ndipo watu wetu wanaponaswa, basi soma polepole. India haina homa ya manjano na haitaki iingie. Kwa hiyo msafiri anayefika akitoka katika nchi zilizo kwenye orodha yao anatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Kenya, Uganda na Congo ni miongoni mwa nchi zenye hatari hiyo. Wanaangalia ulikokuwa katika siku 6 kabla ya kufika, si pasipoti yako ni ya rangi gani.

Sasa wengi wetu tunaunganisha safari: wiki mbili kwa bibi Mombasa, halafu moja kwa moja Mumbai. Mwenye pasipoti ya Uingereza anadhani hahusiki. Anahusika! Bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na likizo yake ndiyo imeisha. Hata kusubiri ndege kwa muda mrefu katika nchi hizo kunaweza kukuhusisha.

Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kitafute kabatini kabla ya kulipia kingine. Watoto wachanga, wajawazito, wenye zaidi ya miaka 60 na wenye kinga dhaifu wasidungwe chanjo hii kabla hawajazungumza na daktari. Wengine hupewa barua ya kusamehewa.

Viza nayo iombe kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India, kwani kuna tovuti nyingi zinazofanana nayo zinazotoza ada ya bure. Pasipoti ziwe na miezi 6 au zaidi mbele.

"SISI WATU WA MALARIA, MBU HATUTUTISHI"

Sentensi hii nimeisikia kwa baba wa Kigoma, kwa mama wa Kisumu na kwa kaka wa Bukavu. Jamani, kinga ile uliyoijenga utotoni inahitaji kukumbushwa na mbu kila mara. Ukishakaa ughaibuni inapungua, na hukumbuki siku iliyoondoka. Mtoto uliyemzaa Birmingham hakuwahi kuwa nayo. Ana rangi yako, hana kinga yako. Ndivyo ilivyo pia kwa tumbo: kwamba wewe ulikunywa maji ya kisima hakumsaidii yeye chochote.

Malaria ya India haiko sawa kila mahali. Delhi, Agra na Jaipur hatari ni ndogo, na kwa kawaida hushauriwa kujikinga na mbu tu bila vidonge. Sehemu nyingine, kama jimbo la Odisha, zimekuwa na malaria zaidi. Mwenye selimundu, mjamzito na mtoto mchanga hupimwa kivyake. Mwonyeshe muuguzi ile ramani yako.

Homa ya dengue ni jambo jingine, kwani iko hata mijini, na mbu wake anauma mchana. Huzidi wakati wa mvua na baada yake. Vidonge vya malaria haviizuii. Paka dawa ya mbu yenye DEET (inafaa kuanzia umri wa miezi 2, usiipake mikononi mwa mtoto anayenyonya vidole), vaa mikono mirefu, na ukipaka losheni ya jua, itangulie, dawa ya mbu ifuate. Mtu akipata homa huko mpe parasetamoli, usimpe ibuprofeni wala aspirini mpaka daktari aseme si dengue, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

MAJI, CHAKULA NA ORS

Chakula cha India kitamu, na watoto wetu wanakijua nusu yake: chapati, sambusa, biriani, bajia, achari. Sikukatazi kula. Kanuni ni nyepesi: kipikwe mbele yako, kiwe cha moto mpaka unakipuliza. Tunda ulimenye mwenyewe. Sambusa inayotoka kwenye mafuta ni salama kuliko saladi ya hoteli kubwa.

Maji yawe ya chupa iliyofungwa. Usikie kifuniko kikikatika. Hayo hayo ndiyo ya kusugulia meno. Barafu acha. Ile pani puri ya barabarani inajazwa maji yasiyochemshwa, wacha wenyewe wale. Chai ya maziwa iliyochemka kunywa kwa raha zako. Kabla ya kila mlo, mikono na sabuni. Dawa ya mikono ya chupa ndogo iwe mfukoni kwa pale pasipo na maji.

Pamoja na hayo yote, kuhara kunaweza kutokea. Kwa hiyo ORS. Je, wajua kwamba ni India hiyo hiyo iliyoifundisha dunia thamani ya ORS? Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kambini Bangaon, kipindupindu kiliwaua kwa wingi na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kati ya wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Maji, chumvi na sukari tu!

Namna ya kutumia:

1. Soma pakiti. Nyingi za Uingereza ni za kuchanganya na mililita 200. Za India ziko za mililita 200 na ziko za lita 1. Ukikosea kipimo ikawa nzito, utamdhuru mtoto. Na nunua unga kwenye duka la dawa, si kinywaji cha boksi chenye ladha ya matunda.
2. Kila anapohara, mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Akitapika ngoja dakika 10, uanze tena kijiko kimoja kimoja.
3. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mkubwa aendelee kula.
4. Uliyoichanganya ikifika saa 24, imwage.
5. Pakiti zikikosekana: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufutwa juu kwa kisu.

Dawa ya kufunga tumbo, loperamidi, usimpe mtoto. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona damu kwenye choo, homa kali, anatapika kila kitu, hataki kunywa, macho yamebonyea, hajakojoa kwa saa 8, au amelegea na anasinzia isivyo kawaida. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, usingoje dalili hizo.

MBWA, NYANI NA BARABARA

Mbwa wa mitaani ni wengi, na kwenye mahekalu na ngome kuna nyani waliozoea kunyang'anya vyakula. Kabla ya kusafiri waambie watoto: hatumgusi mnyama, hatumlishi, na akikuuma au kukukwaruza, hata kidogo, mwambie mama hapo hapo, hutagombezwa. Hilo la kutogombezwa ni muhimu, maana watoto huficha. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinazuilika: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Usiseme nitaonwa nikirudi. Hata aliyechanjwa kabla anahitaji sindano tena, ila chache.

Na tusisahau magari. Watu wanaogopa nyoka, kumbe barabara ndiyo ya kuogopwa zaidi. Chukua kiti cha gari cha mtoto kutoka nyumbani, dai mikanda ya nyuma, na usisafiri kwa gari usiku. Delhi hadi Agra ipo treni ya haraka ya chini ya saa 2. Namba ya dharura ya nchi nzima ni 112, na ya ambulensi katika majimbo mengi ni 108. Ziandike kwenye karatasi, simu huisha chaji.

BEGI LA AFYA HALIONDOKI BEGANI

Nimeshawaambia kilichonipata. Begi hili linakaa nawe ndani ya ndege, ndani ya treni, hata chooni:

- ORS pakiti 10, kikombe chenye vipimo na kijiko
- Parasetamoli ya watoto na ya wakubwa, na kipimajoto
- Dawa ya mbu, losheni ya jua, plasta na dawa ya kusafishia kidonda
- Dawa zote za kila siku za kutosha safari nzima na wiki moja zaidi, kwenye maboksi yake, pamoja na nakala ya agizo la daktari
- Nakala ya bima, vyeti vya chanjo na pasipoti

Mwenye kisukari, insulini isiingie kwenye mizigo ya chini ya ndege, inaweza kuganda. Mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta na akiba. Mwenye selimundu anywe maji kwa wingi, avae vya joto ndani ya ndege, na awe na barua ya daktari wake. Mjamzito aulize shirika la ndege mapema. Wengi hudai barua kuanzia wiki ya 28.

Bima ya safari si anasa. Taja ukweli wa presha, kisukari na kila ugonjwa ulio nao, kwani ukificha kidogo wanaweza kukataa kulipa kikubwa.

MPANGO WA SIKU 10, MFANO

Siku ya 1: kufika Delhi na kulala.
Siku ya 2: kaburi la Humayun asubuhi, lina bustani pana ya watoto kukimbia. Jioni mapumziko.
Siku ya 3: Msikiti wa Jama na Ngome Nyekundu. Ngome hufungwa Jumatatu.
Siku ya 4: siku tupu.
Siku ya 5: treni ya Agra.
Siku ya 6: Taj Mahal jua linapochomoza, kabla ya joto na umati. Hufungwa Ijumaa, kwa hiyo hesabu vizuri. Wakumbushe watoto kwamba Shah Jahan aliijenga kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akimzaa mtoto wake wa 14. Sisi wauguzi tukifika pale tunaona kaburi la mama aliyekufa kwa uzazi.
Siku ya 7: gari la mchana kwenda Jaipur.
Siku ya 8: ngome ya Amber, polepole.
Siku ya 9: asubuhi tupu, mchana kurudi Delhi.
Siku ya 10: ndege.

Mtoto akiugua, siku tupu ndiyo dawa. Asipougua, ndiyo siku mtakayoikumbuka: mmekaa kibarazani, mnakunywa chai, watoto wanashindana kutafuta maneno. Maana Mhindi naye husema chai, akisema dukan ni duka, gari ni gadi, dunia ni duniya, kitabu ni kitab.

Jambo moja zaidi kwa watoto wetu. Watatazamwa, nywele zao zitatamaniwa, na watu wataomba kupiga nao picha. Wengi wana nia njema. Mfundishe mtoto kabla kwamba anaweza kukataa kwa adabu, na mzazi asimame upande wake.

MKISHARUDI

Safari haiishi uwanja wa ndege. Taifodi inaweza kujitokeza wiki moja hadi tatu baadaye, na malaria hata miezi mingi. Mtu yeyote wa familia akipata homa ndani ya mwaka mmoja, nenda siku hiyo hiyo na sema wazi: "Tulikuwa India, tarehe fulani hadi fulani." Kama mlipitia nyumbani pia, sema. Daktari wa huku akiona mtoto ana homa Desemba, atafikiria mafua kwanza. Neno lako ndilo litakalomfanya apime damu.

Nilirudi India mwaka 2019, safari hii Kochi peke yake na vijiji vyake, siku 9. Yule wa treni alikuwa na miaka 8. Begi alilibeba yeye mwenyewe, na kila asubuhi alinihesabia pakiti. Hatukufungua hata moja.

Nawatakieni safari njema, na mrudi salama wote mlioondoka. Tuonane tena panapo majaliwa.